Chokaa ya Unguja: Kuwasha, Kuunguza na Kula

Mji Mkongwe wa Zanzibar umeshikwa na chokaa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani na kushikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Sakafu zake ni kokoto na chokaa zilizopigwa juu ya boriti za mikoko. Weupe wa nyuso za nyumba ni chokaa tena, iliyotiwa maji mengi ikapakwa. Hata katika kinywa cha mtafuna tambuu chokaa imo, pamoja na popoo. Kitu kilichozoeleka kwa kadiri hiyo si rahisi kukidhania ubaya. Walakini katika vitu vyote vinavyopita mikononi mwa mwashi, ni vichache vinavyoweza kumpofusha kwa upesi kama chokaa.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi hatari ya chokaa kwa ngozi na kwa macho inavyopimwa, kisha kutazama kama vitenzi vinavyotumiwa na Waswahili katika jambo hili, yaani kuwasha, kuchoma, kuunguza, kubabua na kula, vinaweza kuchukua bila kupotosha yale yanayohukumiwa na vipimo hivyo. Mambo haya mawili hayatengani. Mkemia akipata jibu lililo sahihi, kisha jibu hilo likaandikwa juu ya mfuko kwa kitenzi kisichofaa, mwenye kuumia ni yule aliyeufungua mfuko.

Wala isidhaniwe kuwa chokaa ni habari ya kale. Katika karne ya 20 saruji ilichukua nafasi yake katika majengo mengi, lakini saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke, na ukuta huoza kwa ndani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kuhifadhi majengo wameirudia chokaa. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka wa 1985. Mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2000. Na sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka wa 1883, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, kila mtu alipata kuona jinsi kazi iliyobaki ilivyo kubwa. Kazi hiyo haifanyiki bila chokaa, wala haifanyiki bila mikono na macho ya watu.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu. Kwa desturi ya Unguja magogo hupangwa kwa duara, mawe yaliyovunjwavunjwa hurundikwa juu yake, na moto hutiwa. Jiwe lenyewe ni kaboneti ya kalsiamu. Likifikia joto la nyuzi 900 za selisiasi au karibu yake, hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na kinachosalia ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa kavu. Jiwe safi lenye uzito wa kilo 100 hutoa chokaa ya kilo 56 tu. Kilo 44 zimekwenda na upepo. Ndiyo sababu bonge la chokaa likitoka tanuuni huwa jepesi mkononi kuliko linavyodhaniwa na macho.

Bonge hilo lina kiu. Sehemu 56 za chokaa kavu hunywa sehemu 18 za maji, na katika kunywa hutoa joto kali: kilo moja ya chokaa safi hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya kisimani. Bonge hupasuka, hufura, hufuka mvuke na hurusha vipande, na mwisho wake huwa unga mweupe au uji mzito, ambao ni hidroksidi ya kalsiamu. Uji huu huwekwa shimoni kwa wiki nyingi au miezi ili ulainike, kwa kuwa chembe isiyokwisha kunywa maji, ikiingia katika lipu, hunywa baadaye ukutani na kuipasua.

Hapa ndipo inapofaa kusimama kidogo juu ya majina. Wafaransa huiita chokaa itokayo tanuuni chokaa hai, na ile iliyopata maji huiita chokaa iliyozimwa. Wajerumani nao husema imezimwa. Waingereza husema imekatwa kiu. Mswahili atakayefuata njia ya Wafaransa na Wajerumani na kusema chokaa imezimwa atakuwa amesema Kiswahili kizuri, maana moto huzimwa kwa maji, na moto ulikuwapo. Lakini neno hilo huleta mawazo ambayo kemia haiyakubali. Kilichozimwa hudhaniwa kuwa kimekufa. Katika chokaa kilichozimwa ni joto peke yake. Ukali wake wa pili, ambao haumo katika joto, unabaki kama ulivyokuwa, na utabaki shimoni mwaka mzima ikiwa hewa haikuufikia. Mfano wa Waingereza ni salama zaidi katika jambo hili: aliyekatwa kiu hajafa, na pengine ana nguvu kuliko kwanza.

Ukali huo wa pili hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho huanzia 0 kwa asidi kali na kufikia 14 kwa alkali kali, na 7 ikiwa katikati. Kila hatua moja ni mara 10 ya iliyotangulia. Maji ya bahari yako karibu na 8. Maji yaliyoshiba chokaa yako karibu na 12.4, yaani ukali wake wa alkali ni zaidi ya mara 10,000 ya ule wa maji ya bahari.

Jambo la asidi na alkali lahitaji neno zaidi, kwa kuwa watu wa Unguja wameifunzwa hofu ya moja bila ya nyingine. Mwezi wa Agosti 2013 wageni wawili vijana kutoka Uingereza walimwagiwa tindikali katika Mji Mkongwe, na habari hiyo ilienea ulimwengu mzima. Tangu hapo neno tindikali halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote, na hofu yake ni ya haki. Lakini kwa jicho, alkali aghalabu ni adui mbaya zaidi. Asidi ikigusa protini za mwili huzigandisha, na ule mgando huwa kama ukuta unaoizuia asidi isipenye upesi. Alkali haijengi ukuta. Yenyewe hushambulia mafuta yaliyo katika ngozi ya kila seli na kuyageuza sabuni, kisha hupita.

Kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanaotengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na kostiki soda, wanalijua tendo hili kwa macho yao: mafuta na alkali vikikutana, mafuta hayabaki mafuta. Linalotendeka katika sufuria yao ndilo linalotendeka katika seli hai iliyoguswa na alkali. Kostiki soda ni kali kupita chokaa kwa sababu huyeyuka majini kwa wingi, na haina budi kuogopwa zaidi. Lakini tendo ni moja.

Basi, hatari hupimwaje? Kwa muda mrefu ilipimwa kwa sungura. Mwaka wa 1944 John Draize na wenzake katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa walitangaza jaribio lililokuja kuitwa kwa jina lake: kitu hutiwa katika jicho la sungura mweupe au juu ya ngozi yake iliyonyolewa, na madhara huhesabiwa siku kwa siku. Jaribio hilo lililaumiwa kwa ukatili, na kadhalika kwa kuwa waamuzi wawili waliweza kulitazama jicho moja wakatoa hesabu mbili. Siku hizi njia nyingine zimekubaliwa na nchi nyingi. Ngozi ya mwanadamu hukuzwa maabarani kutokana na seli, kikatiwa juu yake kitu kinachopimwa, kisha huangaliwa seli ngapi zimesalia hai. Kwa jicho hutumika macho ya ng'ombe yaliyotoka machinjioni: kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hufungwa katika chombo, na mwanga unaopita hupimwa kabla na baada. Konea iliyoharibika huzuia mwanga, na kiasi cha ukungu huo ndicho jibu.

Majibu hupangwa kwa Mfumo wa Dunia wa kuainisha kemikali, uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2003. Kwa ngozi, kitu kikiua nyama kupita tabaka la juu mpaka la chini kwa kugusana nayo muda usiozidi saa 4, huhesabiwa kuwa chenye kuila ngozi. Na kikifanya hivyo kwa dakika 3 au pungufu, huwekwa katika daraja la ukali wa juu kabisa. Kikileta wekundu na uvimbe unaopona, huwekwa katika daraja la chini. Kwa jicho mpaka ni siku 21: madhara yasiyopona kabisa katika muda huo huitwa madhara makubwa ya jicho. Pasipo jaribio, pH ya 11.5 au zaidi, au ya 2 au pungufu, huweza kutosha kukihukumu kitu kuwa ni kikali.

Kwa kanuni hii ya mwisho chokaa imekwisha kuhukumiwa, maana 12.4 imepita 11.5. Lakini chokaa ilipopimwa juu ya ngozi hukumu ilikuja nyepesi kuliko ilivyotazamiwa. Katika nchi za Ulaya chokaa kavu na chokaa iliyopata maji zote mbili huuzwa na maonyo mamoja: kwamba huudhi ngozi, kwamba huudhi njia ya pumzi, na kwamba hudhuru jicho vibaya. Ngozi imewekwa daraja la chini, jicho daraja la juu. Msomaji mwepesi angeweza kudhani pana kosa.

Kosa halipo, sababu ni uyeyukaji. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.7 tu za chokaa au karibu yake. Ukali wa maji hayo ni mkubwa, lakini akiba yake ni ndogo: ngozi nzima, kavu, yenye tabaka lake gumu la juu, huweza kuimaliza akiba hiyo bila kufa. Kostiki soda iliyoyeyuka kwa wingi haina kikomo hiki, na ngozi hushindwa mapema. Kwa hiyo pH peke yake ni shahidi asiyetosha. Hueleza ukali ulivyo sasa hivi, haielezi utadumu kiasi gani.

Katika jicho mambo hugeuka. Chembe ya chokaa ikiingia jichoni hukaa mahali pa siri, aghalabu chini ya ukope wa juu, ndani kabisa, ambapo ukope hukutana na mboni yenyewe. Machozi huja, chembe huyeyuka kidogo, alkali huila konea. Machozi mapya huja, chembe huyeyuka tena kidogo. Kile kilichoiokoa ngozi, yaani kuyeyuka polepole, ndicho kinacholiangamiza jicho, kwa kuwa chembe imekuwa ghala inayotoa ukali wake saa baada ya saa. Ukingo unaoizunguka konea ndiko zitokako seli zinazoirudishia uangavu wake kila siku. Ukingo huo ukifa, konea hufunikwa na utando na mishipa ya damu, na hata konea ya kupandikizwa hukosa pa kushika. Mtu huwa chongo kwa chembe isiyozidi punje ya mchele.

Hata hukumu ya ngozi haina budi kupokewa kwa hadhari. Jaribio ni la saa 4 katika ngozi isiyo na jeraha. Mwashi hafanyi kazi saa 4. Wala ngozi yake si nzima, kwa kuwa mawe ya matumbawe humchanachana vidole tangu asubuhi. Jasho humlowesha, chokaa huingia ndani ya kiatu au chini ya goti aliloinamia, na nguo iliyolowa huishikiza hapo mpaka jioni. Chokaa na saruji mbichi zimewatoboa watu ngozi mpaka nyamani kwa njia hii, na wengi wao hawakusikia maumivu makubwa mpaka saa kadhaa zilipopita. Daraja la chini ni sahihi kwa jaribio. Kwa siku nzima ya kazi halitoshi, na anayeandika maonyo ya Kiswahili yafaa alijue hilo kabla ya kuchagua kitenzi.

Kitenzi kinachokuja kwanza kalamuni ni kuwasha. Pilipili huwasha, upupu huwasha, sabuni ikiingia jichoni huwasha. Maana yake ina mambo mawili ndani: kwamba mtu anasikia, na kwamba itapita. Kwa madhara ya ngozi yanayopona kitenzi hiki ni kizuri, na kwa kweli ni kizuri kuliko kuudhi, ambako ni tafsiri ya vitabuni na hakuna mwashi asemaye chokaa imemuudhi isipokuwa amekorofishana nayo. Lakini kwa jicho kuwasha ni kosa la hatari. Mtu aliyeambiwa kuwa kitu huwasha atapikicha jicho, atangoja, ataendelea na kazi. Na kungoja ndiko kunakopofusha.

Kuunguza ni kitendo cha moto na cha kitu cha moto. Chokaa kavu huunguza kwa haki yote inapokunywa maji, hata ya jasho. Iliyokwisha kunywa haiunguzi kwa maana hii, kwa kuwa ni baridi. Na mtu aliyezoea kuwa kiunguzacho ni cha moto atatia mkono katika shimo la uji baridi bila wasiwasi. Kuchoma nako kuna maana nyingi mno: mwiba huchoma, jua huchoma, nyama huchomwa, na jiwe lenyewe lilichomwa tanuuni. Neno linalofaa kwa kila kitu halionyi juu ya kitu kimoja.

Kubabua ni bora. Kiini chake ni kutoka kwa tabaka la juu, kama ganda linavyobanduliwa au ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na wataalamu waliotafuta istilahi za kemia wamekitumia kitenzi hiki kwa sababu nzuri. Upungufu wake ni kwamba huonyesha juu tu. Alkali haikai juu.

Kinachosalia ni kula. Kutu hula chuma, chumvi ya bahari hula kuta za forodhani, mchwa hula boriti. Katika mifano yote hiyo mlaji yu kimya, hana moto, huendelea wakati hakuna amtazamaye, na kilicholiwa hakirudi. Hakuna kitenzi kinachoieleza alkali kwa ukamilifu zaidi, na hakuna Mswahili asiyekijua. Tatizo ni la mnyambuliko: nomino ya ulaji imekwisha kutekwa na mazungumzo ya mjini, ambako ulaji ni faida ya mwenye cheo, na onyo lisemalo “hatari ya ulaji” lingesomwa kwa kicheko. Ulikaji, kutoka katika kulika, hauna doa hilo na umo tayari katika kalamu za wanasayansi. Lakini ni neno la kitabu. Juu ya mfuko kitenzi chenyewe hutosha. “Hula jicho” ni maneno mawili, na hayahitaji kamusi.

Pana neno moja zaidi ambalo kuchaguliwa kwake huamua jambo, nalo ni la maji. Kwa kuwa chokaa kavu huwaka ikipata maji, wengi huogopa kuliosha jicho lililoingia chokaa, na baadhi ya vitabu vya zamani vya huduma ya kwanza huko Ulaya viliagiza mafuta ya zeituni badala ya maji. Hofu hii haina msingi kwa jicho. Machozi yamekwisha kuinywesha chembe ile, na maji mengi huchukua joto na alkali pamoja. Machache ndiyo mabaya. Kwa ngozi kavu iliyomwagikiwa unga mkavu, unga hupanguswa kwanza, kisha maji. Kwa jicho ni maji papo hapo, safi yoyote yaliyo karibu, kwa muda usiopungua nusu saa, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole na ule wa juu umepinduliwa ili chembe iondolewe. Kutoka Makunduchi mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni takriban kilomita 60, na alkali haingoji gari. Jicho huokolewa au hupotezwa kando ya shimo lenyewe la chokaa, na ndoo ya maji safi ina thamani hapo kuliko dawa iliyo mjini.

Kwa sababu hiyo “osha kwa maji”, maneno yaandikwayo mara nyingi, hayasemi la kutosha. Kuosha uso ni jambo la viganja viwili vya maji. Kitenzi kinachotakiwa ni kumiminia, pamoja na muda wake: “Chokaa hula jicho, hata ikiwa baridi. Ikiingia, usipikiche, mimina maji nusu saa, ukope wa juu ukiwa umepinduliwa, kisha nenda hospitali.”